Shangazi wa Safari: "Mama, forodha wakikuuliza, sema huna chakula"

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa makamo, naishi Kihonda, Morogoro. Mungu akipenda mwezi ujao nakwenda Marekani, mji wa Columbus, kwa binti yangu mwenye mimba ya miezi saba. Sijawahi kupanda ndege. Tiketi yangu inapita Doha, halafu Chicago, ndipo Columbus. Binti ameniagiza dagaa, mchele wa Ifakara, unga wa uji, nyama kavu, mchaichai, pilipili manga, maembe kama yatakuwa yameiva, na udongo wa kula, maana anasema huko hapati wenye harufu ya huku kwetu. Sasa kaka yake, naye yuko hukohuko, kanipigia: "Mama, forodha wakikuuliza kama una chakula, sema huna, basi, usiongeze neno." Roho haijatulia. Uongo sijauzoea, na Kiingereza chenyewe sina. Nifanyeje?*
*Bibi Mtarajiwa, Morogoro*

Marahaba, ingawa huyo mjukuu akizaliwa nadhani mimi na wewe tutakuwa rika moja na hiyo shikamoo itabidi tugawane.

Mwambie kijana wako Shangazi kakataa. Anakupenda, lakini anakupeleka pabaya. Forodha ya Marekani ina utaratibu ambao watu wetu wengi hawaambiwi: chakula ukikitaja mwenyewe, hata kama hakiruhusiwi, wanakichukua, wanakiteketeza, unakwenda zako bila faini. Ukisema huna, kisha wakakikuta, hapo ndipo balaa linapoanza. Faini ya mtu wa kawaida mara ya kwanza huwa mamia ya dola, na sheria yao inaruhusu ipande hadi dola 10,000. Kuna na jambo la pili ambalo mimi naliona zito kuliko hela: unaingia kwenye kumbukumbu zao kama mtu aliyewadanganya, na safari ijayo, unapokwenda kumwona mtoto akitambaa, unavutwa pembeni.

Nilifanya kazi miaka mingi kwenye kaunta ya kupokea mizigo, uwanja wa ndege wa Dar, na nimeyaona mabegi ya kila namna. Dagaa ndani ya soksi. Nyama ndani ya kopo la maziwa ya unga, kifuniko kimezungushiwa gundi ya karatasi. Eksirei haina habari na soksi, inaonyesha kilichomo. Mama wa watu, mstaarabu kabisa, kwa sababu ya soksi ile anaanza kufanana na mtu wa magendo.

Haya, tulipekue sanduku lako.

Dagaa, beba. Samaki wa kula mwenyewe wanaruhusiwa. Ila wachambue, waanike tena jua kali, uwakung'ute, kwa sababu mdudu mmoja akionekana anatembea, fuko zima linaondoka. Wafunge tabaka mbili tatu, kila moja peke yake. Harufu ya dagaa ikishaingia kwenye khanga ulizomchukulia mzazi haitoki mpaka mtoto aanze shule.

Pilipili manga, iliki, karafuu, mdalasini, binzari, vyote vikavu, havina maneno. Majani ya chai na kahawa iliyokaangwa, vivyo hivyo. Mchaichai uache. Umo kwenye orodha yao ya visivyoingia, pamoja na majani ya mlimau na mchungwa, na maduka ya Waasia kule yanauza. Tena Columbus ni mji wenye Wasomali wengi mno. Binti akiingia kwenye maduka yao atapata mchele mzuri na viungo, na hata mtu wa kumsalimia kwa Kiswahili. Kwa hiyo mchele wa Ifakara nao muachie baba watoto ale. Forodha hawaupendi mchele wa kwenye mabegi kwa sababu ya wadudu wanaojificha kwenye punje. Yupo mdudu mmoja wa maghalani, anaitwa khapra, wanamwogopa kuliko simba. Na kilo zako unazihitaji kwa mambo mengine.

Maembe, hapana. Tunda bichi lolote hapana, kwa ajili ya nzi wa matunda. Hata tufaa utakalopewa ndani ya ndege lile humohumo au liache kwenye kiti. Kuna watu wamepigwa faini kwa tufaa la bure.

Nyama, hapana kabisa, iwe imeanikwa, imekaushwa kwa moshi au imekaangwa ikakauka. Sisi huku tuna ugonjwa wa miguu na midomo wa ng'ombe na homa ya nguruwe ya Afrika, na wao mifugo yao hawataki ipate hata harufu yake. Usibishane, usiseme "lakini hii ni ya mbuzi".

Unga wa uji unaweza kuingia, lakini nunua ule uliofungwa kiwandani, wenye maandishi ya kilichomo na tarehe. Ule wa kusagisha mtaani, hata kama una lishe kuliko wote, usiubebe. Unga usio na jina, ndani ya mfuko usio na chapa, mbele ya afisa wa forodha, hauulizwi kama ni wa sembe au wa dona.

Sasa udongo. Nimecheka peke yangu, maana mimba ya kwanza mimi nilikuwa natembea nao kwenye mkoba kama peremende. Lakini huu ndio usiubebe hata kipande cha kidole. Udongo wa nchi nyingine hauingii Marekani bila kibali maalumu, kwa sababu unabeba vijidudu na minyoo ya mimea. Wewe utauona ni kipande kikavu cha kutafuna, wao wanaona shamba zima la Morogoro limehamia kwao. Na mweleze binti ukweli, kwa upole: hamu kali ya udongo mara nyingi inakwenda pamoja na upungufu wa madini ya chuma mwilini. Amwambie mkunga wake, apimwe damu. Huko kliniki hawatamcheka.

Hapohapo kwenye udongo, angalia viatu vyako. Miongoni mwa maswali yao limo hili: umekuwa shambani, au karibu na mifugo? Wewe wa Kihonda najua una kibanda cha kuku nyuma ya nyumba, na pengine kishamba. Jibu ndiyo. Watakachofanya ni kuangalia nyayo za viatu. Basi vya shambani viache nyumbani, na vya safari vioshe kwa brashi mpaka kwenye mifereji ya soli.

Tuje kwenye njia yenyewe. Doha unabadilisha ndege tu. Begi kubwa hulioni. Chicago ndipo unapoingia Marekani, na hapo ndipo watu wetu wanapopotea. Lebo ya begi imeandikwa Columbus, wakadhani litakwenda lenyewe. Haliendi. Kwenye uwanja wa kwanza wa Marekani unaoukanyaga, begi unalichukua mwenyewe kwenye mkanda, unapita nalo forodha, ukishatoka unalikabidhi tena karibu na pale mlangoni lipelekwe kwenye ndege ya pili. Kisha unapanda kitreni kisicho na dereva kwenda jengo la ndege za ndani, na unakaguliwa upya, wewe, mkoba na yote. Chupa ya maji uliyoinunua Doha itabaki hapo. Mwambie binti aangalie muda kati ya ndege na ndege: saa moja na nusu haitoshi. Mimi kwa mgeni wa mara ya kwanza nataka saa tatu na zaidi.

Na sasa hivi, leo, mwambie apige simu shirika la ndege akuombee kiti cha magurudumu. Usione aibu, usiniambie miguu yako mizima. Hukiombi kwa ajili ya miguu. Unapewa mtu anayeujua uwanja, anayekusukuma kutoka mlango wa ndege hadi mlango wa ndege ya pili, anakusimamia kwenye foleni na kukushushia begi. Kinamama wasio na Kiingereza wanaovuka Chicago salama, wengi wanavuka hivyo.

Kabla ya begi utakutana na afisa wa uhamiaji kwenye kibanda. Vidole, picha, halafu maswali: unakwenda kwa nani, utakaa muda gani, unafikia wapi, umebeba nini, una hela kiasi gani. Kama hamuelewani sema "Swahili" ukae kimya. Wana wakalimani wa simu. Swali la kwa nani lijibu kwa ukweli wake: nakuja kumtembelea mwanangu, anatarajia kujifungua. Usijipambe kwa kusema umekuja kufanya kazi ya kulea. Kwetu ni sifa. Kwao viza ya matembezi na neno kazi havikai meza moja, na bibi anayesema amekuja "kufanya kazi ya mtoto" anaweza kujikuta anaulizwa analipwa shilingi ngapi.

Zamani mlikuwa mnapewa fomu ya buluu ndani ya ndege mjaze. Viwanja vingi siku hizi wanauliza kwa mdomo tu. Kwa hiyo binti akuandikie karatasi moja kwa Kiingereza: jina lake, anwani, simu, tarehe ya kurudi, na chini yake orodha ya kila chakula kilichomo begini, dagaa wakiwa wa kwanza. Ikae kwenye mkoba wa mkononi pamoja na pasipoti. Isiwe kwenye simu, kwa sababu simu yako ikifika kule haitakuwa na mtandao. Ukiulizwa kuhusu chakula, toa karatasi. Watakuelekeza pembeni, kwenye meza ya chuma, kijana mwenye glavu za buluu atafungua, atawageuzageuza dagaa, pengine atawanusa na kukunja uso, atafunga. Kama kuna kisichofaa atakiweka kwenye pipa lake. Mwache.

Lipo jambo ambalo wasomaji wangu Waislamu huniuliza kwa kunong'ona: mbwa. Ndiyo, kwenye mikanda ya mizigo utamwona kijibwa cha aina ya beagle, masikio marefu, kimevalishwa kikoti. Wamarekani walianza nao Los Angeles mwaka 1984. Kazi yao ni kunusa matunda na nyama. Habweki, hang'ati, halambi. Anapita, na akinusa kitu anakaa chini kando ya begi lako, basi. Akikaa kando ya begi lako usimfukuze kwa kanga. Anajua alichokisikia, na wewe unayo karatasi yako.

*

*Shangazi, nauza vipuri vya pikipiki Kariakoo na naenda Guangzhou kufunga mzigo. Nitabeba dola elfu tisa taslimu. Nasikia mwisho ni elfu kumi, kwa hiyo niko salama, au nigawane na mwenzangu ninayesafiri naye, kidogo kiunoni, kidogo kwake?*
*Kijana wa Vipuri, Dar es Salaam*

Hiyo elfu kumi uliyoisikia ni ya Marekani. Ulaya ni yuro 10,000, Uingereza pauni 10,000. China wana yao: fedha za kigeni taslimu zikizidi thamani ya dola 5,000 unazitangaza unapoingia. Wewe umeshavuka.

Na tafadhali, kutangaza si kulipa. Hakuna senti inayokatwa. Unajaza fomu, wanagonga mhuri, unaendelea. Ile karatasi yenye mhuri itunze, maana siku dili ikivurugika na unarudi na dola zako, utaulizwa wakati wa kutoka umezipata wapi, na ni hiyo itakayokusemea.

Uwanjani utaona njia mbili, nyekundu na ya kijani. Nyekundu ni ya wenye cha kutangaza. Ukipita ya kijani umeshaapa kwamba huna kitu, hata kama hujafungua mdomo, na "sikuulizwa" haitakuokoa.

Ya kugawana na mwenzako siipendi. Akiulizwa hizi za nani, atajibu nini? Akisema zako, mmekamatwa wawili. Akisema zake, ziombe kwa Mungu zirudi. Halafu na hapa nyumbani, kabla hujakabidhi begi, pita dirisha la forodha uulize fomu ya kutangaza fedha unazotoka nazo. Watu hukazania kule waendako wakasahau mlango wa kwao.

*

*Shangazi hujambo? Naenda Manchester kwa dadangu. Jirani yangu, mzee wa heshima, ameniomba nimbebee mwanawe kifurushi cha "majani ya chai". Kimefungwa kwa gazeti na kamba, na kina unyevunyevu. Nikinusa naona kama ni miraa. Nitamkataaje bila kumvunjia heshima?*
*Msomaji, Likoni*

Sijambo mwanangu. Chai haina unyevunyevu.

Miraa ya Meru zamani ilikuwa ikitua Heathrow mchana kweupe, na kodi inalipwa. Hayo yaliisha tarehe 24 Juni 2014. Tangu siku hiyo Uingereza inaihesabu miongoni mwa dawa za kulevya, na anayeingia nayo anaulizwa kama mwingizaji. Hapa yale niliyomwambia bibi wa Morogoro hayafanyi kazi: kuitaja miraa hakuifanyi halali.

Mzee usimtuhumu. Mpelekee kifurushi chake kwa mikono miwili, mbele ya mkewe ikiwezekana, umwambie: "Baba, kaunta wananiuliza kama begi nimelifunga mimi mwenyewe, na kila kilichomo nakijua. Basi tukifungue hiki nikifunge upya." Swali hilo lipo kweli, mimi nimeliuliza mpaka ulimi ukachoka. Kama ni majani ya chai, atafungua na mtacheka. Kama sivyo, atakumbuka ghafla kwamba kuna mtu mwingine anayesafiri kabla yako. Heshima yake itabaki, na wewe utafika kwa dada. Akinuna, anune.

*

*Shangazi, mume wangu alifanyiwa upasuaji wa mgongo, anatumia tramadol. Tunakwenda Dubai wiki mbili. Dawa ziko kwenye kikopo kidogo kisicho na jina ili zisichukue nafasi.*
*Mke wa Mgonjwa, Arusha*

Kitupe hicho kikopo leo. Tramadol na dawa zenye codeine ni dawa za udhibiti katika Falme za Kiarabu. Ruhusa ya kuziingiza unaiomba mapema kwa mtandao, kwenye tovuti ya serikali yao, ukiambatisha cheti cha daktari na ripoti ya hospitali. Msipande ndege kabla jibu halijaja. Dawa zirudi kwenye pakiti zake zenye jina la mgonjwa, ziwe za siku za safari tu, na zisafiri kwenye begi la mkononi. Hata wanaopita Dubai kubadilisha ndege wajue hili. Kama ruhusa itachelewa, rudini kwa daktari mumuulize kama kuna dawa nyingine ya maumivu itakayomfaa kwa wiki hizo mbili, isiyo kwenye orodha yao.

*

*Nina rafiki Mjerumani amenialika kwao. Nataka kumpelekea kinyago cha mpingo na kombe kubwa la baharini. Nasikia mpingo umekatazwa.*
*Mchoraji, Bagamoyo*

Haujakatazwa, umewekewa masharti. Tangu mwaka 2017 jamii nzima ya mpingo imo kwenye mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini. Lakini vitu vilivyokwisha kuchongwa, mbao yake isipozidi kilo 10 kwa mzigo, vimesamehewa kibali. Mpingo ni mzito, kwa hiyo pima kabla ya kulipa. Chukua risiti pale Mwenge au popote unaponunua, kwa sababu Ulaya anayeingia kwa ndege anasamehewa ushuru wa vitu visivyozidi yuro 430, na bila risiti bei atakukadiria afisa.

Kombe liache baharini, pamoja na matumbawe, na chochote cha gamba la kasa usikiguse kabisa. Na kinyago kabla hujakifunga kigeuze uangalie kitako. Ukiona gome limebaki, au vijitundu vinavyomwaga vumbi la mbao ukikigonga mezani, mrudishie mchongaji akubadilishie.